Mdomo wa Kukodi

Ipo kazi moja hapa duniani ambayo mtu hulipwa kwa kusema maneno ambayo mwenyewe alipaswa kuyasema mtu mwingine. Kazi hiyo ni uwakili. Mwenye kesi amekaa kimya kizimbani, mikono magotini, na mbele yake amesimama mtu mwenye joho jeusi akisema, "Mheshimiwa, mteja wangu anakana." Anakana nini? Mara nyingine anakana jambo ambalo mtaa mzima unaamini amelitenda. Ndiyo maana watu wa kwetu, wakishakaa kwenye kahawa, hawamwiti wakili kwa jina la heshima. Wanamwita mdomo wa kukodi. Unaukodi kama unavyokodi baiskeli. Ukimaliza safari yako unaurudisha, na mwingine anaukodi kwenda anakojua yeye.

Swali langu, ndugu msomaji, ni hili: Je, anayemtetea mkosaji naye ni mkosaji? Na kama si mkosaji, tumtazameje siku anapolivua joho akapanda jukwaani kutuomba kura? Maana mawakili wengi huishia kwenye siasa. Ndivyo ilivyokuwa Marekani miaka mia mbili iliyopita, ndivyo ilivyo Afrika Mashariki.

Nianze na mtu mmoja ambaye vijana wengi wa Tanzania hawamfahamu, ingawa waliobahatika kufika Nairobi huenda wamepita juu ya jina lake bila kujua, kwa kuwa barabara kubwa ya pale Hurlingham inaitwa kwa jina lake. Huyo ni Argwings-Kodhek. Alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, katika Nyanza. Alikwenda Uingereza kusoma, akavutwa na sheria, na mwaka 1951 akapokelewa katika uwakili mjini London. Aliporudi nyumbani mwaka 1952 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya mwenye haki ya kusimama mahakamani na kusema, "Mheshimiwa, mimi ni wakili wa huyu." Serikali ya kikoloni ingeweza kumwajiri, lakini kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu mwenye cheti kilekile. Akaona bora afungue ofisi yake mwenyewe.

Angalia sasa ni mwaka gani aliorudi. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Vita vya Mau Mau vikaanza. Zikaundwa mahakama maalumu za kuharakisha kesi, na makosa ya kunyongwa yakaongezwa mpaka kukutwa na risasi mfukoni likawa kosa la kitanzi. Wanahistoria wamehesabu Waafrika 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau katika miaka ile. Elfu moja na tisini! Mtu hahitaji kuwa mpinga serikali ili ajiulize, katika haraka ile, ni wangapi waliosikilizwa sawasawa.

Katika mahakama hizo ndimo alimosimama Argwings-Kodhek. Angeweza kuandika hati za viwanja na mikataba ya maduka, akala vizuri na kulala mapema. Yeye alichukua kesi za watuhumiwa wa Mau Mau. Kwa masetla alikuwa wakili wa wauaji. Leo sisi tunamwita shujaa, na wala si vibaya. Ila tuwe waangalifu na sababu yetu ya kumwita shujaa.

Wengi watasema, "Alikuwa sahihi kwa sababu wale aliowatetea walikuwa wapigania uhuru." Hapo tumelikwepa swali. Kwanza, si kila aliyefikishwa mahakamani alikuwa mpigania uhuru. Wapo waliokamatwa kwa sababu walilala katika kijiji kibaya usiku mbaya. Pili, si kila kilichotendwa na wapiganaji kilikuwa cha kishujaa. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, watu wengi, wakiwemo wanawake na watoto, walichomwa ndani ya nyumba zao na kukatwa kwa mapanga. Na kabla damu haijakauka, watu wengine wengi wakauawa kwa kisasi. Asubuhi kulikuwa na maiti za pande zote mbili, na watu waliofungwa kamba wakisubiri kuambiwa kuwa wao ndio waliofanya.

Katika asubuhi kama ile, nani anajua nani ni nani? Askari hajui, ana orodha tu. Mlalamikaji anajua nusu, tena nusu yake imechanganyika na kilio. Hakimu hakuwepo. Katika hali hiyo anatakiwa mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kuuliza: "Ulimwona kwa taa gani? Ulikuwa umbali gani? Jina lake ulilijuaje?" Hayo si maneno ya kutetea mauaji. Ni maneno ya kumtafuta muuaji, asije akanyongwa jirani yake badala yake.

Ndiyo hoja yangu ya kwanza. Wakili hatetei kosa, analinda swali. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa analo. Ukisoma maneno hayo haraka utadhani ni mapambo. Lakini fikiri kidogo: ni nani atakayeikumbusha mahakama maneno hayo? Mshtakiwa mwenyewe anatetemeka, na lugha ya mahakama haijui. Maneno ya Katiba hayana miguu. Lazima yapate mtu wa kuyabeba.

Niwape mfano wa kwetu. Tunduma si mji wa kulala. Magari makubwa yanatoka Zambia na Kongo yamebeba shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam, mengine yanarudi na mafuta na bidhaa. Foleni ikiwa mbaya dereva anaweza kuoa na kuacha kabla hajavuka kwenda Nakonde! Tangu mwaka 2019 tuna kituo cha pamoja cha mpakani, mambo yamepungua uzito, lakini gari ni gari na njia ni ndefu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa utingo katika gari la shaba. Mzigo ukapungua. Dereva akawa shahidi, utingo akawa mshtakiwa. Si ndiyo hivyo siku zote? Kwenye gari, mwenye usukani ana hadhi, mwenye kamba na jeki ndiye mwizi.

Mama yake ana shamba la kahawa upande wa Mbozi. Aliuza kipande, akaenda Mbeya kutafuta wakili. Siku wakili yule aliposhuka kwenye basi na mkoba wake, mzee mmoja pale kwenye kahawa alitema mate pembeni.

"Yule ndiye anakuja kumtafutia mwizi maneno," alisema.

"Lakini mzee, kama hakuiba?" akauliza mwuza kahawa.

"Mwanangu, asiyeiba anahitaji wakili wa nini? Ukweli haukodiwi."

Sentensi ile ya mwisho ni nzuri sana, na watu waliitikia kwa vichwa. Ukweli haukodiwi! Nami niliipenda kwa sauti yake. Lakini ukiipima, inaanguka. Ukweli haukodiwi, sawa, ila ukweli hausemi wenyewe vilevile. Shaba ile ilipimwa kwenye mizani njiani, zikaandikwa kilo zake. Karatasi ya mizani ilikuwa ukweli, imelala kwenye faili. Namba ya lakiri iliyofungwa mlangoni mwa kontena ilikuwa ukweli, imeandikwa kwenye karatasi mbili, na karatasi hizo hazikupatana. Ukweli wote huo ulikaa kimya kwa miezi mpaka alipokuja mtu aliyelipwa kuuliza, "Naomba kuona karatasi ya mizani." Mahakama ilimwachia kijana kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.

Je, aliiba? Mimi sijui. Hadi leo mtaa umegawanyika. Yeye mwenyewe alivuka upande wa pili na hajarudi kukaa. Kwa hiyo siwezi kukupa hadithi tamu ya mtu asiye na hatia aliyeokolewa na wakili mwema. Ninachoweza kukuambia ni kwamba gharama ya kujua ilikuwa kipande cha shamba la kahawa, na kwamba bila kipande hicho tungemfunga mtu kwa kutomjua.

Tena tukumbuke mahakama nyingine tuliyonayo, ile ya barabarani. Mtu mmoja anapiga kelele, "Mwizi!" na dakika kumi baadaye lipo tairi na kiberiti. Magazeti huandika kwamba mtu fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ni cheo cha hakimu. Mahakama ile haina foleni wala ada. Haina mdomo wa kukodi hata mmoja. Kila anayesema pale anasema bure, kwa moyo wake wote. Je, ndiyo haki tunayoitaka? Anayechukia mawakili aende akaangalie mahali ambapo hawapo.

Mpaka hapa nimewasifu. Sasa niwageuke, maana hoja ikivutwa upande mmoja tu inakatika.

Katika karne ya kumi na tisa alikuwepo wakili mmoja wa Marekani, mtoto wa mkulima maskini, aliyezaliwa Kentucky mwaka 1809, akajisomea sheria mwenyewe na kufanya kazi mjini Springfield, jimbo la Illinois. Jina lake Abraham Lincoln. Dunia inamkumbuka kama Rais aliyetangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi, tarehe 1 Januari 1863, na aliyeuawa kwa risasi mwezi Aprili 1865. Lakini mwaka 1847, kabla ya hayo yote, alichukua kesi ya bwana mmoja aliyeitwa Robert Matson. Bwana huyo alikuwa na shamba Illinois, jimbo ambalo halikuruhusu utumwa, na alizoea kuleta watumwa wake kutoka Kentucky kulilima. Mmoja wao, Jane Bryant, akatoroka pamoja na watoto wake wanne asirudishwe Kentucky. Matson akaenda mahakamani kudai arudishiwe mali yake. Mali yake! Mama na watoto wanne. Na wakili mmojawapo wa Matson alikuwa Lincoln.

Lincoln alishindwa, ashukuriwe Mungu, na Jane na wanawe wakatangazwa huru. Cha kushangaza zaidi ni kwamba mwaka 1841, miaka sita tu nyuma, Lincoln huyohuyo alikuwa amesimama katika Mahakama Kuu ya Illinois upande ambao ushindi wake ulithibitisha uhuru wa mwanamke mweusi aliyeitwa Nance. Leo huku, kesho kule. Kama kuna mfano wa mdomo wa kukodi, si ndio huu?

Watetezi wake husema wakili hachagui mteja, kama daktari asivyochagua mgonjwa. Mimi nakataa. Ipo tofauti kati ya kesi ya Matson na kesi ya utingo wetu, na tofauti hiyo haiko katika wema wa mteja. Utingo aliburutwa mahakamani. Matson alikuja kwa miguu yake. Utingo asipopata mtu wa kumsemea anaingia jela. Matson asipopata mtu wa kumsemea anarudi nyumbani kwake kula chakula cha jioni. Utingo alikuwa na dola nzima mbele yake: polisi, wapelelezi, mwendesha mashtaka. Mbele ya Matson alikuwepo mama aliyetoroka na watoto wake, asiye na kitu ila waliomwonea huruma.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Aliyeburutwa ana haki ya mdomo, hata kama mikono yake ina damu, kwa sababu nguvu yote iko upande mwingine na mdomo huo ndio jiwe dogo linalowekwa kwenye mizani ili angalau isomeke. Lakini aliyekuja mwenyewe kudai kitu, huyo wakili anaruhusiwa, tena anapaswa, kumwuliza: "Unachodai ukikipata, nani ataumia?" Na jibu likiwa ni mama na watoto wanne kurudi utumwani, wakili afunge mkoba wake. Hapo hawezi kujificha nyuma ya joho. Joho halina dhamiri. Dhamiri anayo aliyelivaa.

Msomaji makini ataniuliza: na ndugu wa aliyeuawa, je? Wao si wanyonge? Ni wanyonge, na machozi yao ni ya kweli. Lakini wao hawakuachwa bila mdomo. Mdomo wao ni Jamhuri yenyewe. Ndiyo maana kesi huitwa kwa jina la Jamhuri dhidi ya fulani. Kama Jamhuri inafanya kazi yake vibaya, tuidai Jamhuri. Tusimnyang'anye mshtakiwa mdomo wake ili tufidie uzembe wa mpelelezi.

Na bado liko dukuduku ambalo kanuni yangu haiondoi. Mkosaji wa kweli anaweza kuachiwa kwa ufundi wa wakili, na akarudi kukosea tena. Jambo hilo hutokea. Tunalipa gharama hiyo ili tusilipe kubwa zaidi, lakini anayeilipa si mimi ninayeandika. Anayeilipa ni yule atakayeibiwa tena. Anayetetea uwakili bila kukiri hivyo anafanya biashara ya maneno.

Sasa nadhani tumefika mahali pa kuelewa hasira ya yule mzee wa kahawa. Nikimsikiliza vizuri, sidhani kama anachukia wakili kumtetea mwizi. Anachukia wakili kumtetea mwizi mwenye fedha. Mwizi wa kuku anaingia mahakamani peke yake, kandambili mkononi. Kigogo aliyekula fedha za umma anaingia na mawakili wanne na kikombe cha chai. Kwa miongo mingi sheria yetu haikuruhusu mawakili kabisa katika Mahakama ya Mwanzo, na huko ndiko kesi nyingi za walalahoi huanzia na kuishia. Mnyonge hana haki, walisema wazee, na walisema kwa kuona. Lakini dawa ya ugonjwa huo si kuwaondolea matajiri midomo. Ni kuwapa maskini midomo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria vijijini na mijini, ilikuwa hatua ya upande huo. Mama asilazimike kuuza kahawa yake ili mtoto aulizwe swali la haki.

Hata sisi tunaojifunza kuandika hadithi tumo katika swali hili. Mwandishi akimpa muuaji sauti nzuri, watu humwuliza kama anapenda mauaji. Kezilahabi alipompa Rosa nafasi ya kuishi na kuteleza katika Rosa Mistika, mwaka 1971, kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Lakini msomaji ambaye hajawahi kumsikia mkosaji akijieleza atamtambuaje mkosaji aliyemo ndani yake mwenyewe?

Nirudi kwa mawakili na siasa. Hapa ndipo naogopa zaidi.

Mahakamani mdomo wa kukodi hauna hatari kubwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila mtu anajua umekodiwa. Ya pili, kuna mdomo mwingine upande wa pili unaoujibu, na katikati yupo anayesikiliza wote wawili. Ondoa mojawapo na kazi nzima inaoza. Katika kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walikuwa na watetezi hodari. D. N. Pritt alitoka Uingereza, na yupo aliyetoka hapahapa Tanganyika, Mjamaika Dudley Thompson aliyekuwa akifanya uwakili Moshi. Haikusaidia kitu. Hakimu Thacker alimpa Kenyatta miaka saba mwezi Aprili 1953, na baadaye ilijulikana kwamba serikali ilimlipa hakimu huyo paundi 20,000. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Tunalalamikia mdomo wa kukodi, kumbe cha kutisha zaidi ni sikio la kukodi.

Kwenye siasa mambo hugeuka. Mwanasiasa hasemi "mteja wangu". Anasema "wananchi wangu", na hatujui aliyemlipa. Akiwa na madaraka, mdomo wa upande wa pili unaweza kuzibwa. Ndipo ufundi uleule uliomlinda mnyonge unageuka kuwa fimbo. Dudley Thompson yule aliyesafiri kuwatetea watuhumiwa wa Kapenguria alirudi kwao Jamaika, akawa waziri. Mwezi Januari 1978 wanajeshi waliwaua kwa risasi watu watano mahali paitwapo Green Bay. Na waziri Thompson akasema kwamba pale hawakufa malaika. Jamani! Si ndiyo hoja ileile ya masetla wa Kenya? Si ndiyo hoja ya mzee wa kahawa? Aliyetumia ujana wake kudai kwamba hata asiye malaika asikilizwe, alipokuwa upande wenye bunduki alisahau.

Wala tusiwacheke Wajamaika. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa mjini Dar es Salaam kwa maandishi yaliyochapishwa katika Sauti ya TANU dhidi ya mabwana wilaya wawili. Alitetewa na Pritt huyohuyo, pamoja na mawakili wa Dar es Salaam, Rattansey na Jhaveri. Alipatikana na hatia, akapewa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa, na harakati zikaendelea. Mkoloni, pamoja na ubaya wake, alimpa mshtakiwa kizimba, wakili na siku ya kusikilizwa. Mwaka 1962, nchi ikiwa huru, tulitunga sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Aliyekamatwa kwa sheria ile hakuwa na kizimba cha kusimama. Najua sababu zilizotolewa: taifa lilikuwa changa, maadui walikuwa wengi. Sababu hizo hata Gavana Baring alikuwa nazo, kwa maneno yake.

Na Argwings-Kodhek? Mwaka 1955 alianzisha chama cha Waafrika wa Nairobi, kwa kuwa vyama vya nchi nzima vilikuwa bado vimekatazwa. Mwezi Machi 1957 aligombea kiti cha Nairobi akashindwa na Tom Mboya. Uhuru ulipofika mwaka 1963 akawa mbunge wa Gem, na mwishowe waziri aliyesimamia mambo ya nje. Mwaka 1966 bunge la Kenya, ambalo yeye alikuwa mmoja wa wabunge wake, liliipa serikali uwezo wa kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Wakili aliyeuliza maswali katika mahakama za hali ya hatari alikuwa sasa ndani ya nyumba inayotunga sheria za namna hiyo. Usiku mmoja wa mwezi Januari 1969 alikufa barabarani Nairobi. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Wengi hawakukubali, na hawajakubali mpaka leo.

Simhukumu. Nimekwisha kusema kwamba hata aliyekosea asikilizwe, naye hawezi tena kujisemea. Ninachojifunza kwake ni kwamba uwakili haumfanyi mtu kuwa mwema wala mbaya. Unamfundisha jambo moja tu, kwamba mwenye nguvu lazima ajibiwe. Anayelishika somo hilo akiwa upande wa wanyonge hajajaribiwa bado, kwa kuwa pale linamfaa. Mtihani unakuja siku anapopewa funguo.

Kwa hiyo mwanasheria akija hapa Tunduma na bendera na vipaza sauti, wengine watamwuliza aliwahi kuwatetea wezi gani. Mimi sitamwuliza hilo. Kama waliburutwa, alifanya kazi yake. Nitamwuliza kama aliwahi kumkatalia tajiri aliyekuja kwa miguu yake. Halafu nitamwuliza swali la pili, na jibu lake ndilo litakalobeba kura yangu: Siku ukiwa wewe ndiye mwenye polisi na funguo, atakayekupinga atasemewa na nani, na utakaa kimya kumsikiliza?